Mkoba wa Spana Uliobaki Uani

Asubuhi ile nilikuwa nimepiga magoti uani kwetu Migato, nimetandaza kipande cha turubai, napakia spana. Nilikuwa na safari ya Nyalikungu, kupeleka barua kwa tajiri aliyekuwa akinunua pamba ya kwetu, na pikipiki ilikuwa ya kwake. Ilikuwa miaka ya ruksa. Mtu yeyote mwenye mizani na magunia aliweza kuja kununua pamba hadi mlangoni, na kila mnunuzi alihitaji mtu wa kuzunguka na pikipiki kijiji hadi kijiji. Kazi hiyo niliipata mimi kwa sababu nilijua kuifungua pikipiki yote na kuifunga tena bila kubaki na nati mkononi.

Watu hudhani kupakia vifaa ni kutupia tu. Si kweli. Kitakachohitajika mwisho ndicho kinachoingia kwanza. Chini kabisa niliweka tyubu ya akiba, nimeipaka poda na kuizungushia kitambaa isije ikatoboka kwa kusuguana na chuma. Ikafuata pampu ya mkono, viraka, solusheni na vyuma viwili vya kutolea tairi. Kisha waya wa klachi, nimeukunja duara pana usivunjike nyuzi. Spana zilikaa kwenye mifuko niliyoshona mwenyewe, kuanzia namba nane hadi kumi na saba. Mwisho kabisa, kwenye kikopo cha dawa ya viatu, viliingia vile vidogo: fyuzi, pini, plagi moja mpya, na jointi mbili za kuungia cheni, kila moja ndogo kuliko ukucha wa dole gumba.

Nilivitunza kama mboni ya jicho. Ufundi nilijifunza wakati madukani hakuna kitu, waya wa klachi tunautoa kwenye breki ya baiskeli, na kinachokosekana kabisa tunakichonga kwenye kandambili. Sasa spea zilijaa Bariadi, nami sikutaka kurudi kwenye maisha ya kuomba Mungu njiani.

Mdogo wangu Masanja alikuwa ameegemea ukuta, anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Kaka, hiyo pikipiki inasafiri au inahama?"

"Njia haina duka," nilimjibu.

Alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, ameoa mwaka mmoja kabla, na kila kitu kilimchekesha. Nilifunga mkoba kwa vipande vya mpira, nikaukaza kwenye keria nyuma ya kiti. Hapo ndipo tuliposikia mwano.

Mwano ni yowe letu Wasukuma. Anapiga mmoja, wa jirani anapokea, linapita mlima hadi mlima, na kila mwanaume anayelisikia lazima atoke na silaha yake. Asiyetoka atajieleza mbele ya baraza. Mwaka ule lilipigwa mara nyingi kuliko kengele ya kanisa. Wezi wa ng'ombe walikuja kutoka upande wa mbuga, vikundi vya watu ishirini, thelathini, wakiwa na bunduki za kivita. Wakubwa wa serikali maofisini waliita hali ile wizi wa mifugo. Waliandika "wizi" kwenye karatasi, wakapiga muhuri, wakafunga faili. Mtu anayekuja na bunduki nyumbani kwako alfajiri, akachoma maboma, akaua wachungaji wawili na kuondoka na kundi zima, huyo si mwizi. Ile ilikuwa vita, na tuliachiwa tupigane kwa pinde.

Na mimi sikuwa mpiganaji. Nilikuwa fundi. Lakini kwenye mwano hakuna fundi wala mwalimu.

Kamanda wa walinzi wetu wa jadi aliitwa Jilala. Alikuwa mtu mrefu, jasiri kweli, sitaki kumnyima haki yake. Alifika uani anahema, nyuma yake vijana kumi na kitu, mabegani wamebeba podo. Aliiona pikipiki.

"Utanibeba mimi. Tuwatangulie wezi kabla hawajavusha ng'ombe wetu korongoni," alisema. Kisha akaugusa mkoba wangu kwa ncha ya upinde wake. "Toa huu mzigo. Hapa yakae mafungu ya mishale."

"Kamanda, huo ndio wa kutufikisha na kuturudisha."

"Kwani wewe vita unapigana kwa spana? Au unatafuta sababu ya kubaki na wanawake?"

Vijana walicheka. Masanja hakucheka, nakumbuka vizuri, aliangalia chini.

Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri nilichopaswa kufanya. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema mishale abebe mtu mgongoni. Ningeweza hata kufungua kile kikopo na kutia jointi moja mfukoni, kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini kuitwa mwoga mbele ya watu kulinipofusha. Niliufungua mkoba kwa mikono yangu mwenyewe, nikauweka chini karibu na mafiga ya mama, na mipira yangu ileile nikampa Jilala afungie mishale yake. Hasira niliyonayo juu yake ni kubwa. Ile niliyonayo juu yangu inaizidi.

Tulitangulia, yeye nyuma yangu. Vijana walikuja mbio kwa njia ya mkato, Masanja akiwa mbele, maana hakuna aliyemweza kwa mbio. Nyayo za ng'ombe zilionekana wazi kwenye vumbi. Tulifika korongoni, nikazima pikipiki kwenye kichaka, na baada ya muda wenzetu wakatukuta.

Jilala alipanga watu. Wengine kulia, wengine kushoto. Aliwaambia kuwa wezi hawako mbali.

Hawakuwa mbali kabisa. Walikuwa ng'ambo ya korongo, wamelala kwenye majani, wanatusubiri.

Sikuona mtu. Nilisikia mlio, kisha mingine mingi pamoja. Mchanga uliruka mbele yangu.

Mtu mmoja alianguka upande wa kulia.

Nililala kifudifudi. Nilisikia Jilala akipiga kelele, "Pigeni! Pigeni!" Tupige nini? Mshale haufiki nusu ya njia ya risasi.

Kisha kukawa kimya, na vumbi la ng'ombe likaanza kusogea kuelekea mbugani.

Masanja alikuwa amekaa chini, ameshika paja kwa mikono miwili. Damu ilipita katikati ya vidole. Aliniangalia kama mtoto aliyevunja chungu.

"Kaka, wamenipata."

Nilimfunga kwa shuka juu ya jeraha, nikakaza kwa kijiti. Damu ilipungua lakini haikukoma. Hospitali ilikuwa Bariadi, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki wakati wa kiangazi. Nilimwita jirani yetu Mabula aje amshike kwa nyuma. Tulipokuwa tunashusha mafungu ya mishale ili tupate nafasi, niliona mipira yangu haijafunguliwa. Hakuna mshale hata mmoja uliokuwa umetoka pale.

Jilala alikuja. "Haondoki mtu mpaka nimehesabu watu wangu. Na pikipiki inabaki, tutawafuata."

"Utawafuata na nini?" nilimuuliza, nikaipiga teke la kuwasha.

Tulikuwa watatu juu ya pikipiki ya watu wawili. Niliendesha kwa tahadhari, nakwepa mashimo, nasikia pumzi ya Masanja shingoni. Tulipita mashamba ya pamba iliyokwisha kuchumwa, tukaingia kwenye kijito kikavu. Mchanga ulikuwa mzito. Niliongeza mafuta.

Kitu kikalia "ta". Injini ikanguruma bure, tairi likasimama.

Cheni ilikuwa imelala mchangani. Jointi ilikuwa imechomoka.

Tulimlaza Masanja kivulini. Mimi na Mabula tulichekecha mchanga ule kwa vidole hadi kucha zikatoa damu. Hatukuiona. Nilitoa kipete cha ufunguo, nikakipitisha kwenye matundu ya cheni, nikakikunja kwa meno. Pikipiki ilitembea hatua kama kumi, kipete kikanyooka. Nilirudia. Kikakatika.

Mabula alikimbia kuelekea barabara kuu kutafuta lori la pamba. Mimi sikuweza kukaa. Nilimlaza Masanja juu ya tangi, nikamfunga kiunoni kwa shati langu, nikaanza kusukuma.

Jua lilikuwa utosini. Mbele yangu hapakuwa na nyumba wala mtu.

"Kaka, bado mbali?"

"Tumefika," nilimwambia.

"Mbona sioni nyumba?"

Nilisukuma.

Hakuuliza tena. Baadaye nilimwita, nikamwita tena kwa jina alilopewa na bibi. Nilijua, lakini niliendelea kusukuma kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Lori lilipotukuta, dereva ndiye aliyeishika mikono yangu akaitoa kwenye usukani, kidole kimoja baada ya kingine.

Kufunga jointi ya cheni ni kazi ya dakika kumi, ukiwa na haraka ni tano. Kutoka pale tulipokwama hadi lori lilipokuja ilipita zaidi ya saa nzima. Sisemi angepona. Mimi si daktari, na jeraha la paja ni jeraha baya. Nasema angefika. Hilo nalijua kama ninavyojua mikono yangu, na hakuna mtu atakayenitoa hapo.

Tulizika wawili kwa siku moja. Ng'ombe hawakurudi hata mmoja.

Wiki ya pili baraza la walinzi likaniita. Nilidhani wananipa pole. Jilala alisimama mbele ya watu wote akasema nimeondoka vitani bila ruhusa ya kamanda, na kwamba fundi mzima nimeshindwa na cheni. Kuhusu mkoba hakusema neno. Niliposimama kueleza, nilizomewa. Waliamua nitengwe. Kwetu kutengwa ni kufa unatembea: hakuna anayekusalimu, hakuna anayekupa moto wala maji, na atakayekusemesha anatengwa pamoja nawe. Jilala alizeeka akiitwa shujaa. Alikufa kitandani kwake, watoto wake wamemzunguka, na mazishini kwake sikwenda.

Wote waliitii amri ile ya kunitenga, ila mama. Alikuwa amezika mtoto mmoja, na sasa amri ilimkataza kusema na mwingine. Alivumilia siku tatu. Siku ya nne, mchana kweupe, watu wakiwa kisimani wanaangalia, alitoka kwake na makaa ya moto kwenye kigae, akavuka uwanja wote taratibu hadi kwenye nyumba yangu. Mwenyekiti wa baraza akamwita kwa mbali, "Mayu, unajua sheria."

"Naijua," alijibu bila kugeuka. "Mnitenge."

Aliweka makaa kwenye mafiga yangu, akapuliza hadi moto ukashika. Kisha akakaa chini, akakunja miguu, akauliza kile ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza.

"Alisema nini, mwanangu?"

Nilimweleza yote. Nilimweleza kwamba aliuliza kama bado ni mbali, nami nikamwambia tumefika, na kwamba alisema haoni nyumba.

"Na mlikuwa hamjafika."

"Tulikuwa katikati ya nyika, mayu. Nilimdanganya."

Alisogeza kaa moja kwa kijiti, anauangalia moto.

"Ningekuwa mimi juu ya ile pikipiki, na mimi ningetaka unidanganye," alisema.