Karatasi Nne Chini ya Chuma

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikishika spana, nayo ndiyo nataka nikupe leo unapoanza kazi karakanani. Usicheke nikikuita mwanangu na ndevu zangu hizi za kuhesabu. Aliyetangulia kujikwaa ndiye anayejua jiwe lilipo.

Mimi niliishia darasa la saba, nikaendesha bodaboda, nikibeba maharage kutoka Mwese hadi Mpanda mjini. Njia ile unaijua. Mzigo niliufunga kwa mipira ya tyubu, wala haukuwahi kudondoka. Basi nilipopata kazi kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga chuma kwa kompyuta, nikajiona bingwa wa kubana vitu. Nilikuwa naota mchana kweupe kwamba siku moja Mpanda itatengeneza trekta zake. Bado naota.

Akaja Mama Nyamizi wa Kibaoni. Chuma kinachoshika beringi ya mashine yake ya kukoboa mpunga kilipasuka, na magunia ya watu yamejaa uani. Tulikuwa na vipande viwili tu vya kumchongea kingine.

Cha kwanza nilikiweka kwenye jiliwa, kile kibanio cha mashine, na ili meno yake yasikikwaruze, nikakizungushia mpira wa tyubu. Nikakaza, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Kisu kilipogusa tu, chuma kikacheza, kikachomoka, kikagonga mlango wa mashine kwa kishindo. Kisu nacho kikakatika.

Fundi wetu mkuu, Mzee Bukuru, hakufoka. Aliokota ule mpira, akauvuta, ukarefuka.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi cha kwao, "pikipiki inataka mzigo ucheze na njia. Hapa kitu kisicheze hata unywele. Kompyuta haina macho. Inachonga pale ulipoiambia chuma kipo, hata kama chuma kimeshaondoka."

Machozi yalinilenga. "Nimeharibu, mzee."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Funga cha pili."

Akanionyesha: futa chenga zote za chuma, weka kipande cha karatasi chini ya kila kona, kaza, kisha vuta karatasi moja moja. Ikitoka, chuma hakijakaa. Halafu akaenda stesheni kupokea mzigo, akaniacha.

Nikakaza. Karatasi tatu ziligoma. Ya nne ikateleza ikatoka kama ulimi wa mtoto mtundu. Bosi, mwenye karakana, alikuwa nyuma yangu.

"Bonyeza, mama anasubiri."

"Bado, bosi. Kona hii inaelea."

"Siku hizi karatasi ndiyo inanipangia kazi?"

"Leo ndiyo inapanga."

"Wee bodaboda! Jana tu umeijua mashine. Bonyeza, la sivyo rudi kwenye maharage yako!"

Mwanangu, nisikudanganye, nilikaribia kubonyeza. Kazi ile niliipenda kuliko kula. Lakini nikasimama mbele ya kitufe.

"Nifukuze, bosi, uwezo unao. Ila chuma kimebaki hiki kimoja, na kikiruka, mama anarudi Kibaoni mikono mitupu. Sibonyezi."

Mama Nyamizi, aliyekaa mlangoni akitafuna muhogo, akadakia: "Muache! Nimekaa siku tatu bila mashine, nitashindwa saa moja? Haraka hiyo ni yako, usinisingizie mimi."

Nikalegeza. Chini ya ile kona nikakuta chenga moja, ndogo kama punje ya ulezi. Punje hiyo tu! Nikafuta, nikakaza upya, nikavuta. Zote nne zikagoma. Hapo ndipo nilipobonyeza, na kisu kikala chuma kwa sauti moja tulivu mpaka mwisho. Jioni ile mama alipanda gari na chuma chake mapajani kama mtoto mchanga. Bosi hajanipongeza hadi leo, wala sijamwomba.

Sasa nisikie. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi kilinifunza chuma, na darasa lake ni kali. Usiwashe kitu ambacho mkono wako haujahakikisha kimeshikwa. Anayekusukuma akiwa na sauti kubwa, mwambie "bado", tena umtazame usoni. Atakuita mwoga, atakuita mjuaji, acha aite. Hasira ya bosi hupoa, jicho likipasuka halirudi. Na ukikosea, lia kidogo, kisha funga cha pili.

Mungu akupe vidole kumi mpaka uzeeni, moyo laini kwa watu, na shingo ngumu mbele ya kitufe.