Neno Alilolifahamu Mahfoudha

Wifi yangu Mahfoudha alirudi kazini akiwa na miaka hamsini na moja, na asubuhi ya kwanza nilimcheka mpaka machozi yakanitoka. Alikuwa amesimama sebuleni kwetu Mawaleh, huku Uarabuni, viatu vyeupe vipya miguuni, sare imemkaa utadhani bibi arusi, naye ananiuliza kama wauguzi siku hizi bado wananing'iniza saa kifuani. Nikamwambia, "Wifi, vaa na taji basi." Akanirushia mtandio. Hivyo ndivyo tulivyo, mimi na yeye, tangu nilipoolewa na kakaake, Aws.

Zamani alikuwa muuguzi hodari. Kisha mama yao, Bi Masouda, akapatwa na kiharusi, na Mahfoudha, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, akaomba ruhusa ya miezi mitatu amuuguze. Miezi mitatu ikawa miaka kumi na minne. Watoto wengine wa Bi Masouda kila mmoja alikuwa na kisingizio chake, na mimi mkwe nilikuwa na changu: kazi ya wizarani na watoto wadogo. Watoto wakakua, kisingizio nikakishikilia vilevile. Kila Ijumaa tulikwenda kumbusu bibi mkono, tukamwambia Mahfoudha kwamba Mungu atamlipa, tukala wali wake, tukarudi zetu. Leo nasema bila ya kuficha kwamba tulimtumia.

Bi Masouda alipofariki, Mahfoudha akahamia kwetu na mkoba mmoja wa vyeti. Leseni yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Akasoma upya, akafanya mtihani, akapasi. Ikabaki siku tisini za kufanya kazi wodini chini ya macho ya muuguzi mwingine, ambaye mwisho wake atatia saini. Bila ya saini ile hakuna leseni.

"Nikiikosa hii, wifi, ntakuwa nani?" aliniuliza siku moja garini, nikimpeleka kazini. "Mama hayupo. Na kazi nayo ikiwa haipo?"

Nikaongeza sauti ya redio.

Msimamizi wake alikuwa Hadeel, binti wa miaka ishirini na minane, ambaye Mahfoudha alipoacha kazi alikuwa bado shuleni. Hadeel alimwita Khala, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo, na kwa adabu hiyo alikuwa haoni vyema kumpinga. Kwenye kompyuta Mahfoudha alikuwa kichekesho, anadonoa kwa kidole kimoja. Lakini mshipa wa damu uliojificha aliupata kwa sindano moja, na haikupita wiki tatu Hadeel mwenyewe akawa anakuja kumwita. Nilianza kumsikia wifi yangu akiimba bafuni asubuhi. Nilifurahi, wallahi, na kidogo niliona haya, maana sikuwa nimewahi kumsikia akiimba.

Siku ya sabini na moja wodini mlikuwa na Bi Jawaher, ajuza wa miaka sabini na minane, mzaliwa wa Unguja, amelazwa kwa kidonda cha mguu kilichotokana na sukari. Kiarabu alikijua, lakini maradhi yalikuwa yamemrudisha kwenye Kiswahili kitupu. Mahfoudha ndiye aliyepewa kumhudumia. Yaliyotokea nayasimulia kama alivyonihadithia mwenyewe.

Saa nne asubuhi Bi Jawaher alimshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, moyo unanichafuka."

Hadeel alikuwa akihudumia kitanda cha pili. Kiswahili hakijui, ila alikulia na majirani waliotoka Zanzibar na maneno mawili matatu yamemwingia. Akageuka. "Moyo? Si ndiyo qalb? Khala, nilete kipimo cha moyo?" Na mkono wake ulikwisha kuikamata ile mashine yenye waya.

Mahfoudha akacheka. Akamfahamisha kwa Kiarabu kwamba sisi tukisema moyo umechafuka hatusemi moyo, tunasema kichefuchefu. Bibi anataka kutapika tu, hapana haja ya kipimo.

"Haya Khala, wewe ndiye unayejua," Hadeel akasema, akairudisha mashine mahali pake.

Na maana ya neno ndiyo hiyo. Ningeulizwa mimi ningejibu vivyo hivyo, na wewe pia. Bi Masouda alimwambia bintiye maneno hayo hayo kila asubuhi kwa miaka kumi na minne, kwa sababu ya vidonge vyake, na kila asubuhi tangawizi na ndimu vilimtuliza. Basi Mahfoudha akamletea Bi Jawaher beseni, akampangusa jasho la usoni, akamwinulia mto, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

"Lile jasho, wifi," aliniambia. "Ajuza, ana sukari, kichefuchefu na jasho la baridi. Moyo wa mtu kama huyo unaweza kufa na kifua kisimuume hata kidogo. Nnalijua hilo. Nimelijibu kwenye mtihani. Lakini aliposema vile, nikamsikia mama."

Saa tano na nusu daktari alipita, akaona rangi ya uso wa Bi Jawaher, akaitaka mashine. Ulikuwa moyo kweli; watu wakaanza kukimbia. Adhuhuri ya siku ya pili Bi Jawaher akafariki.

Hadeel alimvuta Mahfoudha mpaka chumba cha mashuka, analia. Akamwambia hakuna aliyesikia ila wao wawili, hakuna kilichoandikwa, daktari mwenyewe hana hakika kama saa moja na nusu ile ingemwokoa bibi, na zimebaki siku kumi na tisa tu. "Tunyamaze, Khala. Nakuomba." Mahfoudha akampangusa machozi, akaenda kukaa mbele ya kompyuta. Kwa kidole kimoja akaandika yote: neno alilosema mgonjwa, saa aliyolisema, na kwamba Hadeel alitaka kuleta kipimo na yeye akamkataza. Hilo la Hadeel aliliandika mara mbili. Jioni ile akaambiwa akae nyumbani mpaka kamati ikutane.

Nilimkasirikia. Nilimwambia ameichoma leseni yake kwa mkono wake, na maiti harudi. Siku ya tatu ya msiba akaja mlangoni kwangu amevaa buibui. "Nipeleke nikawahani wafiwa."

Tukaenda Sib, nyumbani kwa marehemu. Wanawake walikuwa wamejaa, misahafu mikononi, kahawa inazunguka. Bakhita, binti wa marehemu, mwalimu wa shule, alimwona Mahfoudha tangu mlangoni, akainuka, akamkumbatia mbele ya watu wote.

"Alhamdulillahi," akasema, "mama yangu hakufa mikononi mwa watu wasiofahamu maneno yake."

Niliomba Mungu wifi yangu anyamaze. Nakiri hata nilimfinya. Akautoa mkono wangu taratibu, akamkalisha Bakhita pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini: neno, mashine, kicheko chake, saa moja na nusu. Hakujitetea. Wala hakumtaja Bi Masouda.

Bakhita akauliza, pole pole, kama anayehakikisha hesabu ya mwanafunzi, "Kwa hiyo angekuwa na nesi asiyejua Kiswahili, wangempima?"

"Wangempima."

"Na huenda angepona?"

"Huenda. Sijui. Huenda."

"Siku ile alipolazwa walimpa nesi mwingine, wa Kihindi," Bakhita akasema. "Mama akawa anasema na hakuna anayemwelewa. Ndipo nikasikia kuna wewe. Nikaenda kwa mkuu wa wodi, nikamwomba, nikamsumbua mpaka akakubali kubadilisha. Mimi ndiye niliyetaka wewe."

Mahfoudha hakuwa akilijua hilo. Akamsogelea zaidi.

"Si wewe," akamwambia. "Bakhita, nitazame. Si wewe, mwanangu."

Lakini Bakhita alikwisha kujifunika uso kwa mtandio, na alikuwa hamsikii tena.