Uso wa Papa Ukutani

Harufu ya thina ya kuyeyushia rangi ikinigonga puani, hata leo, hunirudisha kwenye korido ya nyumba yetu ya mtaa wa Bellevue, ugenini. Ilikuwa nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba saba, kila chumba na familia yake na sufuria zake. Sisi, wakimbizi kutoka Uvira, tulikaa cha tatu. Cha mwisho, karibu na choo, alikaa Tantine Ofelia, shangazi wa watoto wote wa nyumba ile, mwanamke mzee aliyekimbia vita huko Amerika ya Kati, kwenye milima ya kahawa. Kiswahili alijifunza kwa mama, kwenye karai la kufulia.

Tantine alikuwa mchoraji. Ukuta wa korido aliujaza nyuso za watu mashuhuri wa jimbo lake: mshairi mwenye masharubu aliyetunga mashairi gerezani, mwandishi wa riwaya aliyefia ugenini, mbunge aliyepigwa risasi akitoka kanisani, mama mmoja aliyechora picha za wachuma kahawa. Niliwaamkia kila asubuhi nikienda shule. Msinicheke, walikuwa wakinitazama, na mimi nilifunzwa adabu. Tantine alikuwa na mwiko mmoja: hakuchora mtu aliye hai. Watu wazima wote wa nyumba ile waliujua. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikajua tu kwamba anayechorwa pale ni mtu wa maana.

Papa, baba yangu, alikuwa mlinzi wa jengo moja la ghorofa huko Hillbrow. Mwaka ule wa 2015 ilikuja wiki ya fujo, vijana wakapita mitaani na marungu wakisaka wageni, hata spaza, kile kiduka cha kona, ikafungwa. Papa akaenda kazini kama kawaida. Hakurudi. Mama na Tantine walitoka asubuhi siku tatu mfululizo kumtafuta. Siku ya tatu waliporudi, mama alivua viatu mlangoni akakaa sakafuni.

"Papa yako alisafiri," aliniambia. "Alipata kazi Durban. Usiniulize tena ile maneno."

Jumamosi nikapelekwa kwa rafiki yake mama, mtaa wa Troyeville, nikalishwa biskuti mchana kutwa mpaka tumbo likaniuma. Niliporudi, chumba chetu kilijaa watu wa kanisani wakila wali, na kila mmoja akanishika kichwa. Nilidhani wanatupongeza kwa ile kazi ya Durban.

Lakini simu ya kutoka Durban haikuja. Nilimkasirikia Papa, tena sana, kisha nikapata wazo. Nikamwomba Tantine amchore ukutani, ili akirudi ajikute kati ya watu wa heshima, asitamani kuondoka tena.

Tantine akaweka brashi chini. "Hapana, mwanangu. Huyo hapana."

Nikamsumbua wiki nzima. Nikalia, nikagoma kula, nikamwambia ana roho mbaya, anapenda watu wa kwao tu. Mwishowe mama akatoka chumbani.

"Tantine, umuchore," alisema. "Mtoto ameomba. Umuchore tu."

Tatizo, picha hatukuwa nayo. Zote zilikuwa kwenye simu ya Papa, na ile ndogo ilibandikwa kwenye karatasi yake ya ukimbizi. Vyote aliondoka navyo siku ile. Basi Tantine akaniketisha mimi juu ya ndoo, maana kila mtu alisema nimefanana na Papa kuanzia paji la uso hadi masikio. Nilikaa alasiri tatu. Tantine alinitazama, akachora, akamuuliza mama kama pua ilikuwa pana zaidi. Mama alijibu kutoka jikoni, bila kuja kutazama.

Ukweli niliambiwa nikiwa na miaka kumi na miwili: Papa aliuawa wiki ile ya fujo, akazikwa Jumamosi ile ya biskuti. Ndipo nilipoelewa kwamba alasiri zile mama alikuwa anamzika mume wake mara ya pili, sauti yake ikiwa kavu ili mimi nisishtuke. Simlaumu, ingawa ziko siku namlaumu.

Nyuso zote za ukuta ule zimefunga midomo. Papa peke yake anacheka, meno yote nje. Wapangaji wapya huuliza alikuwa na furaha gani, na mama huwaambia ndivyo alivyokuwa. Sivyo. Papa hakuwa mtu wa kucheka. Kicheko kile ni changu, nikiwa juu ya ndoo, nina hakika anarudi.