Sauti ya Mwanaume Ndani ya Wimbo Wangu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa korale aliingia studio yangu hapa Uvira, Kongo, akiwa amekumbatia kable mpya ya mikro, ule waya wa kipaza sauti, bado imefungwa ndani ya plastiki. Akaichana plastiki kwa meno, na ile harufu ya mpira mpya ikanipiga puani kabla hajasema neno. Nikakaa chini. Nasema kweli, nilikaa juu ya spika. Yeye akadhani uzuri wa kable ndio umenishangaza. Akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akaniuliza kwa furaha: "Yaya Sifa, ni kweli kable ya muzuri inafanya sauti ikuwe ya muzuri?" Nilimwambia anipe maji kwanza.

Maana mimi, ndugu zangu, nilipokuwa na miaka kumi, kable kama ile nusura inifukuzishe nyumbani kwetu. Sitanii.

Nilikuwa mwimbaji wa mbele katika korale ya watoto. Kanisa letu lilikuwa la matofali, karibu sana na ziwa, na upepo ukigeuka harufu ya ndagala, wale dagaa wetu, zilizoanikwa mchangani iliingia madirishani, tukaimba habari za mbinguni huku mate yakitujaa mdomoni. Aliyetufundisha alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hadi inakata. Kila mtu alimwita Papa Maestro, hata mke wake.

Mwaka ule Maestro aliamua tutoe nyimbo zetu. Akamwita Kashindi, kijana wa Kavimvira aliyekuwa na kompyuta ya kurekodia, ambayo aliibeba ndani ya mfuko wa mchele ili vumbi la mapikipiki lisiiguse. Kanisa lilikuwa na kable mbili tu za mikro. Moja ilikuwa nyeusi, kuukuu, imefungwafungwa skochi, ule utepe wa gundi, kama mguu wa mgonjwa. Ya pili Maestro aliileta kutoka Bujumbura, ng'ambo ya ziwa: nyekundu, inang'aa, nene kama kidole gumba chake. Alitueleza kwamba sauti ya mtu hupita mle ndani kama maji kwenye mpira wa kumwagilia; mpira ukiwa mwembamba sauti inabanwa, ukiwa mnene inatoka yote. Tukaamini. Nani angebishana na mwalimu wa hesabu?

Kwetu hakuna kitu kilichoanza kazi kanisani kabla ya kuombewa. Ngoma iliombewa, mabenchi yaliombewa, hata fagio. Basi Jumapili ile kable nyekundu ililazwa mbele kwenye kitambaa cheupe, pasta akaipaka mafuta ncha zote mbili, na kanisa zima likanyoosha mikono. Mama yangu, muuza samaki ambaye hakuwa mwepesi wa machozi, alijifuta macho. Kisha ikatangazwa kwamba kable hiyo itatumika kwa mikro yangu peke yangu. Wengine wataimbia ile nyeusi. Nilivimba kichwa wiki nzima. Nyumbani niligoma kuosha vyombo.

Tulirekodi Jumamosi asubuhi mapema, kabla jua halijapiga mabati yakaanza kualika kwa joto. Tulipomaliza, Kashindi akaunganisha spika ili wazazi wote wasikie. Korale ikaanza kwa nguvu, vigelegele vikapigwa. Halafu ikafika sehemu yangu, wenzangu wananyamaza, nabaki peke yangu.

Na chini ya sauti yangu alikuwapo mwanaume.

Yesu wangu! Hata sasa naandika na nywele zinanisimama. Alikuwa mbali, ananong'ona, maneno hayashikiki. Mimi nilipovuta pumzi, yeye aliendelea. Nilipoanza tena, yumo. Kulikuwa na mahali alicheka.

Kashindi akairudisha nyuma, akaicheza tena. Yule mtu akacheka tena, palepale. Hapo mama mmoja wa nyuma akapiga kelele: "Ayii! Huyu mutoto anaimba na muntu!" Mabenchi yakaburuzwa. Rafiki yangu Riziki, aliyekuwa amenishika mkono, akauachia na kuufuta kwenye gauni lake.

"Pengine ni kable," Kashindi akasema.

Maestro alimtazama kama aliyetukanwa. "Kable? Kable tuliiombea! Mafuta iko juu yake mpaka sasa. Weye unaweza kusema kitu ya Mungu iko na makosa?"

Mnaona hesabu yake. Kama kable ni safi, basi uchafu uko kwa anayeimba. Na kanisa zima, watu wazima walionishika nikiwa mchanga, walikubali hesabu hiyo kabla hata ya kutoka mlangoni.

Pasta hakuwa mtu mbaya. Alichuchumaa mbele yangu, akasema kwa upole kwamba Jumatano nitaingia chumba cha maombi, siku tatu bila kula, ili "ule muntu" atoke. Nilikijua chumba kile. Furaha, msichana wa jirani yetu, aliingizwa mle kwa sababu ya ndoto. Alipotoka wazazi wake walikuwa bado wanamwogopa, wakampeleka Kiringye kwa nyanya yake akalime mpunga. Hakurudi tena. Nguo zake za shule walipewa watoto wengine.

Nyumbani Mama hakunisemesha. Jioni aliingia nilipokuwa nimejilaza, akamwinua mdogo wangu Amani, ambaye kila siku alilala ubavuni mwangu, akaenda naye kwake. Alifanya taratibu, kama mtu anayetoa chakula karibu na mbwa asiyemwamini. Lile lilinishtua kuliko sauti. Mama! Mama yangu mzazi ananiogopa! Nikaanza kujiogopa mwenyewe. Nilichukua sufuria, nikaiweka mdomoni, nikaimba polepole ndani yake, nisikie kama yule mtu atajibu. Hakujibu, na mimi nikaona amejificha tu.

Jumatano tukaenda, Mama mbele na Amani mgongoni, mimi nyuma. Kanisani tulimkuta Kashindi amekwisha kupanga mikro na spika zake. Hakuna aliyemwita. Alimwomba Maestro wabadilishe kable, mimi niimbie ile nyeusi, basi. Maestro akakataa katakata. Kuijaribu kable iliyoombewa, alisema, ni kumjaribu Mungu.

Kashindi akafikiri, akasema: "Basi tuache kable pale pale. Muntu ingine asimame kwa hii mikro, aseme kitu. Kama yule mwanaume anasikilika tena, haiko ya mutoto."

Kila mmoja alikuwa amepiga hesabu yake. Ukisimama pale na yule mtu akatokea ndani ya sauti yako, je? Nani atakutetea? Shemasi aliinama kufunga kamba za kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba. Pasta akafungua Biblia akaanza kutafuta ukurasa. Maestro alisema ana kikohozi.

Mama akafungua kitenge mgongoni, akamtoa Amani, akaniwekea mikononi mbele ya watu wote.

"Shika mutoto," akasema. "Minye nitasimama."

Nilimshika Amani kwa nguvu mpaka akalia. Mama alienda mbele na malapa yake yakipiga sakafu, akashika mikro vibaya, kama mtu anayeshika kuku kwa shingo. Akasema: "Minye njo mama ya Sifa." Yeye ndiye mama yangu, hilo tu. Kashindi akapandisha sauti ya spika juu, juu kabisa, tukasikia mvumo, mmmm, halafu ndani ya mvumo akaja yule mwanaume. Watu wakapiga mayowe. Na yule mwanaume, ndugu zangu, akaacha kunong'ona, akacheka kile kicheko chake, akaanza kuimba. Aliimba tangazo la sabuni.

Tangazo la sabuni la redio ya Bujumbura! Kwa Kirundi, lile ambalo watoto wote wa Uvira tulilijua kwa kichwa, na tulilichezea kamba barabarani.

Hakuna aliyecheka. Kashindi alichomoa kisu, akaipasua kable nyekundu urefu wa mkono kabla mtu yeyote hajamzuia. Ndani ya unene wote ule kulikuwa na nyuzi mbili nyembamba kama unywele, na zilizobaki zilikuwa kamba za pamba. Pamba tupu! Akamenya kidogo na ile nyeusi, akatuonyesha wavu wa shaba uliozunguka nyuzi zake pande zote. Wavu huo, akasema, ndio mlango. Kable isiyo na mlango huingiza kila redio inayopita.

Mnadhani waliniomba msamaha? Wee! Pasta aliikemea kable. Shetani alihamishwa kutoka kwangu akaingizwa kwenye mpira mwekundu, wakauchoma nyuma ya kanisa, na Maestro akaninunulia mandazi mawili. Jumamosi tuliimba upya na ile kuukuu yenye skochi, na sauti yangu ilitoka peke yake.

Kwa hiyo yule kijana nilimjibu hivi: kable haimfundishi mtu kuimba. Ikiwa nzima, yenye wavu na iliyochomelewa vizuri, sikio lako halitajua kama ni ya bei ya juu au ya kawaida. Ikiwa mbovu, itakuletea wageni. Na unene usikudanganye, pasua uone. Alikasirika kidogo, kwa sababu yake ilikuwa nene.

Kuhusu Mama, kwa miaka mingi niliamini kwamba Kashindi alimnong'oneza siri kabla, ndiyo maana akasimama bila woga. Mtoto hupenda maelezo ya namna hiyo. Mwaka jana tu, tukichambua mboga nyumbani kwake, nilimwuliza kama alijua kwamba kosa ni la kable.

Akanishangaa. "Kable? Minye nilijua nini ya kable? Nilijua shetani iko mule. Nikasema, kama banakufukuza, batufukuze sisi wote bawili."

Yaani hakuna aliyemnong'oneza kitu. Siku ile Mama alikuwa ananiogopa bado, alikuwa anaamini kabisa kwamba ndani ya mikro ile kuna pepo, na aliweka mdomo wake palepale akalitajia jina langu.