Ushindi wa Kuachiwa

Daktari aliniambia nilale. Hakusema nipumzike, alisema nilale, na nikiinuka iwe ni kwenda chooni na kurudi. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeziba njia ya mtoto, na damu ilikuwa imekwisha kunitoka mara moja nikiwa kazini Westlands, kwenye ngazi za ofisi, mbele ya watu. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka uliotangulia, mume wangu akafungua mlango wa chumba akanikuta kwenye damu, akaganda pale pale, kwa hivyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mume wangu alinipandisha hadi kwenye fleti yetu Kileleshwa, ghorofa ya tatu, akanilaza upande wa dirisha, na hapo ndipo nilipoishi tangu mvua za masika hadi baridi ya Julai.

Mimi nimekulia Uthiru, kwenye nyumba ya chini yenye ua, kuku na miti ya mapera. Huko mtu akichoka na nyumba hutoka nje akasimama. Kileleshwa dirisha langu lilitazama ploti ya jirani, ambako fleti nyingine zilikuwa zikijengwa. Nilipoanza kulala, mafundi walikuwa chini yangu na niliona kofia zao tu. Wiki zikapita, wakapanda, tukawa sawa, wakanizoea hata mmoja wao akawa ananipungia mkono asubuhi. Halafu wakanipita wakaenda juu. Nikabaki na ukuta wa mawe na kipande cha anga.

Mama mkwe alikuja kutoka Vihiga kunitunza. Alikuwa mama wa shamba na wa kwaya ya kanisa, mwenye maneno machache, na kwa muda sikujua kama ananipenda au ananivumilia. Alinipikia uji wa wimbi, mboga za mrenda na kunde, akaninyoosha mgongo kwa mafuta, akanisomea Zaburi kwa lugha ya kwao ambayo nilikuwa naisikia nusu nusu. Naye pia alikuwa amefungwa. Aliogopa lifti, aliogopa geti la chuma mlangoni ambalo lilijifunga lenyewe, na majirani waliomsalimia walifanya hivyo wakiwa wanatembea. Siku moja alisimama kwenye kibaraza kati ya nguo zilizoanikwa, akatazama kulia na kushoto, akasema, "Nyumba hii haina nje." Nilicheka, kisha nikalia, naye akajifanya hakuona.

Mume wangu alitoka asubuhi kwenda kazini na kurudi foleni ya magari ilipomwachilia. Aliniuliza nimekula nini, nimelala upande gani, miguu imevimba au la. Tumbo alilitazama bila kuligusa. Neno mtoto halikutoka kinywani mwake, na hatukuwa tumenunua hata soksi. Nilimwelewa kwa sababu hata mimi sikuthubutu kununua. Lakini kuelewa hakukunifanya nisiwe mpweke kando yake.

Tulikuwa na gemu moja ambayo tulicheza tangu enzi za uchumba. Ni gemu ya kujenga miji na kupigania nchi, na inachezwa kwa zamu. Wewe unapanga watu wako, unatuma, simu ya mwenzako inalia, naye anapanga wake. Kila mmoja huanza na mji mmoja, wakulima wachache na mpelelezi wa kutembea, na nchi yote iliyobaki imefunikwa na giza hadi umtume mtu akaione. Hakuna siku niliyowahi kumshinda. Mwenyewe alikuwa akiniambia nakosea wapi, na kosa langu kubwa, alisema, ni kwamba nikianza vizuri nakaa. Mwanzo mzuri, kwa maoni yake, ulikuwa wa kukimbia nao: ujenge mji wa pili kabla mwenzako hajajua uko wapi.

Asubuhi moja aliweka gemu mpya kwenye tableti, akaiacha juu ya mto wangu, akasema tuanze upya nisiwe mpweke. Nilipoifungua nilikaa nikaitazama tu. Mji wangu ulikuwa umeangukia mahali ambapo mito miwili inakutana. Kulikuwa na ngano pande zote mbili, mawe nyuma, na mpelelezi wangu alipotembea kidogo akakuta vilima vya chuma. Sikuwa nimewahi kuanza hivyo.

Safari hii sikukaa. Nilimtuma mpelelezi apande na mto, nikajenga mji wa pili mahali ambapo maji yanapungua, nikawahi vilima vya chuma kabla mume wangu hajavifikia. Siku zikaanza kuwa na umbo. Nilikuwa nacheza zamu yangu baada ya uji, yeye anacheza yake saa ya chakula cha mchana akiwa ofisini, mimi tena alasiri. Mama mkwe alivuta kiti akawa anatazama. Mambo ya vita hakuyataka, ila aliwapenda wakulima wale wadogo wenye majembe. "Watu wako wamekula?" alikuwa akiniuliza akiingia na sahani.

Walikuwa wamekula. Walikuwa na zaidi ya kula. Mume wangu hakunishambulia, na mimi nikaanza kujenga bustani, mnara, ukumbi wa waimbaji. Nilimnyang'anya miji miwili karibu bila kupigana. Jioni nilimsimulia, naye akatabasamu akasema nimemmaliza. Sijui wengine hufanyaje wakilazwa miezi, lakini mimi nilikuwa nimefunga mambo mawili pamoja kichwani. Miji ikistawi, na tumbo litatulia. Nilijua ni ujinga, na bado kila asubuhi niliangalia ghala la ngano kabla sijaangalia kama kuna damu.

Halafu ikaja Jumamosi moja alasiri. Mume wangu alikuwa sebuleni na simu yake, mama yake kando akichambua mrenda. Mume wangu aliposhuka kwenda kununua mkate, mama mkwe aliingia na ungo wake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia nimeolewa na mtu mwenye moyo mzuri. Akasema hajabadilika, bado anafanya vile alivyokuwa akimfanyia ndugu yake.

Nilimuuliza ndugu yupi. Nilijua kulikuwa na mdogo wake aliyefariki wakiwa watoto, lakini katika familia ile hakuna aliyemtaja. Mama mkwe alinisimulia akiendelea kuchambua majani. Mtoto yule alikuwa na ugonjwa wa moyo, akalala ndani kiangazi kizima. Mume wangu akitoka shule alichimba mashimo kwenye sakafu ya udongo karibu na kitanda, wakacheza ajua, bao la kwao, kwa kokoto. Naye alikuwa akidondosha kokoto zake kwenye mashimo mabaya kusudi, ili mdogo wake azile.

"Alijua tutampoteza," mama mkwe alisema. "Alijua kabla yetu sisi."

Kisha akaniambia, kama anayenipa zawadi, kwamba sasa hivi amemwona mwanawe akiwatazama askari wake waliokuwa karibu na daraja langu, akafikiri, halafu akawaondoa akawapeleka mbali. Aliyasema haya kwa upole, akainuka na ungo, akaenda kuchemsha maji. Nilichukua tableti nikamvusha mpelelezi wangu daraja, aende hadi ndani kabisa kwa mume wangu, mahali ambapo sikuwa nimejisumbua kufika. Ghala zake zilikuwa zimejaa. Dhahabu ilikuwa imerundikana bila kutumika. Na askari wake, wengi kuliko nilivyodhani, walikuwa wamepanga kambi kaskazini, kwenye ufuo usio na kitu, wamenipa mgongo.

Mume wangu aliporudi na mkate nilimwomba afunge mlango wa chumba.

"Kwa nini unaniachia?"

Alisema haniachii, ni vile tu nilianza na mahali pazuri.

"Mahali pazuri ni pangu, hilo najua," nikamwambia. "Mimi nauliza daraja."

Akasema alitaka nipate kitu cha kunifurahisha, kwa sababu sina kingine siku nzima. Hapo nikamwambia kile nilichokuwa nimekishika kifuani tangu mama yake atoke chumbani.

"Ndugu yako pia ulimwachia."

Aliketi sakafuni, mgongo kwenye kabati. Mkate ulikuwa bado mkononi. Hakuuliza nimejuaje. Kwenye ploti ya jirani mafundi walikuwa wameshafunga kazi ya wiki, na kulikuwa kimya kiasi cha kusikia sufuria ya mama yake jikoni.

"Naogopa," akasema. "Kila nikifungua hii mlango naogopa nitakupata vile nilikupata ile siku ingine."

"Hata mimi naogopa. Lakini mimi sijakufa, na huyu hajakufa. Cheza na sisi kama watu wataishi."

Baadaye alisogea kwa magoti hadi kitandani, akaweka kiganja juu ya tumbo, kwa mara ya kwanza tangu nilale. Mtoto hakucheza. Labda alikuwa amelala. Yeye aliuacha mkono pale pale.

Jumatatu saa ya chakula cha mchana simu ilipolia, nilikuta askari wake wako darajani.

Ndani ya siku chache nilikuwa nimepoteza vilima vya chuma. Wakati huo ndipo nilipoona nilichokuwa nimefanya na bahati yangu. Nilikuwa nimekimbia nayo mwanzoni, halafu, kwa sababu hakuna aliyenisukuma, nikaigeuza kuwa mapambo. Nilikuwa na bustani tatu na ukuta hakuna. Nilikuwa na watu wengi, na nusu yao waimbaji. Nilikasirika mpaka mgongo ukasahau kuuma, na katikati ya hasira hiyo nilikuwa na furaha ambayo gemu yote ya awali haikuwa imenipa. Kulikuwa na mtu upande wa pili.

Nilibomoa mnara nikapata mawe ya ukuta. Ile miji miwili niliyomnyang'anya niliiacha irudi kwake, maana ilikuwa mbali na ilinila askari. Ngano bado ilikuwa yangu, na ngano ndiyo iliyokuwa nguvu ya ule mwanzo, kwa hivyo nikaacha kutazama chuma nilichonyang'anywa nikaanza kulisha watu wengi kuliko alioweza kulisha yeye. Nilimzuia mtoni wiki baada ya wiki. Jioni tulibishana sana, na katika kubishana tukajikuta tunaongea mengine: jina, nepi, nani atalala na mtoto upande gani.

Mama mkwe hakufurahi. Alimwona mwanawe anamshambulia mgonjwa. Siku aliyochinjiwa kuku na binamu zake wa Kangemi wakamletea, alipika, akapakua, na firigisi, ambayo kwao ni ya mwenye nyumba na mwanamke haigusi, akaiweka kwenye sahani yangu. Mume wangu aliitazama ikipita. Akala mguu.

Sitaki kusema kwamba kifungo kilikwisha. Ukuta ulikuwa pale pale, nyonga ziliniuma, na kila safari ya chooni niliifanya nikiwa nimeshika pumzi. Kuna mchana niliwachukia mafundi kwa sababu tu walikuwa na miguu. Kuna siku mama mkwe alitoka kutupa takataka, geti likajifunga, tukawa yeye nje na mimi ndani tukiongea kupitia mlango hadi mlinzi alipopatikana, kwa sababu mimi sikuruhusiwa kuinuka kumfungulia. Alinisomea Zaburi akiwa huko kolidoni, kwa sauti kubwa ili nisiogope.

Mwanzoni mwa Julai mume wangu aliuteka mji wangu wa kwanza, ule wa mito miwili. Alinishinda kweli kweli, na aliponitazama nilikuwa nacheka. Mama yake alitoka chumbani bila kuaga.

Damu ilianza tena asubuhi moja ya manyunyu, kabla mume wangu hajaenda kazini. Safari hii hakuganda. Alinibeba, mama mkwe akashuka na sisi kwa lifti akiwa amefumba macho, na kufikia saa sita nilikuwa nimefanyiwa upasuaji. Mtoto alikuwa msichana, mdogo, mwekundu, mwenye hasira. Walimpeleka chumba cha watoto njiti kabla sijamwona vizuri.

Tulikaa hospitali majuma kadhaa. Wauguzi walimwambia mume wangu afungue shati, wakamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, wakamfunika na blanketi na kumwambia asisogee. Nilimkuta hivyo nilipoweza kutembea hadi kule, nikijishikilia ukutani. Alikuwa ameketi wima, kidevu juu, anapumua taratibu. Aliniambia kwa kunong'ona kwamba mguu wa kushoto umekufa ganzi tangu mchana, na kwamba yeyote asithubutu kumchukua mtoto. Nikaketi kwenye kiti kando yake, nikanywa chai yake, nikala na mkate wake wote, naye hawezi kusogea.