Mpaka Katikati ya Ugali

Muuguzi Felista wa zahanati yetu alimuuliza Wangwe swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza: kwa mlo mmoja anakula ugali kiasi gani?

"Mpaka uishe," alijibu Wangwe.

Hakuwa anatania. Ana miaka sitini na mmoja, mkulima wa mahindi na muhogo hapa Susuni, karibu na mpaka wa Kenya, na tangu mkewe afariki miaka tisa iliyopita amekuwa akila chakula cha jioni kwa mdogo wake, Nchagwa, ng'ambo ya bonde. Robi, mke wa Nchagwa, huweka ugali mmoja mkubwa kwenye sinia kati ya ndugu hao wawili, nao humega hadi sinia ibaki tupu. Kwa ulaji huo hakuna anayejua amekula kiasi gani, wala hakuna sababu ya kujua.

Siku hiyo ya Machi kipimo chake cha sukari, kabla hajala kitu, kilisoma 13.2, wakati hakitakiwi kuzidi 7. Kidonda cha kidole gumba cha mguu wa kushoto, kilichoanza kwa kujikwaa shambani, kilikuwa kimeingia wiki ya sita bila kufunga. Felista alimpa vidonge, akamchorea sahani nyuma ya karatasi: nusu mboga za majani, robo ugali, robo maharage au samaki. Akamwambia atembee kila siku akiwa na viatu vinavyofunika vidole, apate usingizi wa kutosha, na aache chai ya vijiko vinne. Kisha akamweleza, bila kumtisha, kwamba kidonda kikikataa kufunga atampa rufaa ya hospitali, na huko huenda wakazungumzia kukata kidole.

"Nyumbani waambie," alimalizia.

Hilo la mwisho Wangwe hakulifanya. Kwa watu wa rika lake sukari ni ugonjwa wa watu wa ofisini, wenye matumbo na magari, na yeye analima kwa jembe la mkono. Aliona aibu. Alimwambia Robi tu, "Shemeji, kuanzia leo nipakulie sahani yangu," wala hakueleza kwa nini.

Jioni hiyo Nchagwa alinawa, akakaa, akaitazama ile sahani ya pili.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Sasa sema, mura. Mkono wangu ni mchafu, au kuna kitu unafikiri nimekuwekea kwenye chakula?"

Kwetu mtu hujitenga na sinia ya ndugu yake kwa sababu hizo mbili, na Nchagwa alikuwa amezitaja zote. Wangwe alimaliza sahani yake, akaaga. Kesho yake hakwenda. Robi akawa anampelekea chakula kwenye hotipoti saa kumi na moja, akiwa njiani kwenda kuchota maji.

Kwa mujibu wa ile karatasi, mwezi huo Wangwe alikula vizuri: mgagani, mnavu, dagaa, na kipande cha ugali kisichozidi ngumi. Lakini alikuwa ameacha kuvuka bonde, dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, na hakuwa na safari nyingine. Alimaliza kula kabla jua halijazama, akabaki na redio. Baadaye njaa ilimrudia, au kitu kilichofanana na njaa, akakoroga uji na kuutia sukari. Usingizi ulimjia vipande vipande.

Aprili kipimo kilisoma 12.9. Kidonda kilikuwa vilevile.

Felista alishatoa fomu ya rufaa. Kabla ya kuijaza alimuuliza anakula na nani.

"Peke yangu."

"Na zamani?"

Wangwe alimsimulia habari ya sahani ya pili, kwa sauti ya chini. Felista akaweka kalamu mezani.

"Kwa hiyo mdogo wako hajui unaumwa?"

"Anajua nina kinyongo naye."

"Mzee Wangwe, nilikuambia upunguze ugali. Sikukuambia umpunguze Nchagwa."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri mlangoni alicheka. Wangwe naye alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mimi, karani wa zahanati, nianze kumwandikia kadi. Felista alimpa wiki mbili, na kidonda kisafishwe hapo zahanati kila baada ya siku moja.

Jioni ileile alivuka bonde. Nchagwa alikuwa akifunga ndama.

"Umepotea njia?" aliuliza bila kugeuka.

"Nina sukari. Wanaweza kunikata kidole."

Nchagwa alikaza fundo mpaka akamaliza. "Tangu lini?"

"Machi."

"Na ile sahani?"

Wangwe akampa karatasi. Nchagwa aliisogeza mbali na macho, akaigeuza huku na huku.

"Huyu muuguzi anachora kama mpima ardhi."

Ndani, Robi alipoweka sinia, Nchagwa aliomba kisu. Alikata robo ya ugali, akaisukuma upande wa kaka yake, na pengo lililobaki katikati akalijaza mgagani.

"Huko kwako Kenya, huku Tanzania. Ukivuka nakudai kibali."

"Watu wa Sirari wanavuka kila siku."

"Ndiyo maana nimebaki na kisu."

"Na hii Tanzania yako imezidi, Baba Method," alisema Robi, akachota kipande kutoka upande wa mumewe na kukirudisha chunguni.

Baada ya wiki mbili kipimo kilikuwa 10.1, na kingo za kidonda zilikuwa zimeanza kusogeleana. Felista hakuijaza ile fomu. Mwezi Juni kidonda kilikuwa kimefunga, na kipimo kilisoma 7.6. Vidonge Wangwe anaendelea navyo.

Aliniambia kwamba vidonge wala mboga havikumsumbua kama dakika zile za kukaa na mkono mtupu, fungu lake limekwisha na la mwenzake bado linatoa mvuke. Wiki za kwanza alikuwa akinawa upesi na kutazama mlango. Baadaye aligundua kwamba Nchagwa, ambaye maisha yake yote alikula kama anayekimbizwa, amekuwa akimega vitonge vidogo na kutafuna polepole, ili wamalize pamoja.

"Siku hizi unachelewa," alimwambia.

"Nawahi wapi?" alijibu Nchagwa, akachovya tena kwenye mboga.