Mpaka wa Kata Ndogo

Harufu ya rangi mbichi hunikosesha utulivu hadi leo. Nikipita mahali wanapopaka geti, miguu huharakisha yenyewe. Msimu ule rangi ilikuwa nyekundu, imepakwa vichwani mwa vigingi ambavyo maofisa walivichomeka kando ya shamba letu la chai, na jua likiipiga ilinuka mpaka jikoni. Kwetu ni mgongo wa kilima huko Nyamira: juu barabara ya vumbi, chini mto, katikati migomba na chai, na humo niliishi na mama mzaa baba, ambaye sote tulimwita Magokoro, yaani nyanya kwa Ekegusii. Kiswahili hakukijua. Mimi ndiye niliyekuwa nacho, cha darasa la nne, kidogo lakini cha kuringia, na kila mgeni akija nilisukumwa mbele nitafsiri.

Basi akaja ofisa kijana, si wa kwetu, na ramani kubwa ya karatasi. Akasema kata ndogo yetu ina watu wengi mno, itagawanywa. "Mwambie nyanya," akaniagiza, "mpaka wa kata ndogo ni mtoni au barabarani. Waje barazani Alhamisi waseme wenyewe." Leo naelewa. Mto ukiwa mpaka, tungebaki na naibu wa chifu tuliyemzoea, ofisi yake hatua chache juu ya barabara. Barabara ikiwa mpaka, tungehamia kwa wale wa ng'ambo ya mto. Lakini mimi kata nililijua moja tu, la kukata ndizi, na mpaka nililijua la kutoka hapa mpaka pale. Kuuliza si ujinga, mwalimu alituimbia kila siku, ila mbele ya nyanya yangu ningeulizaje? Nikamgeukia nikasema kwa Ekegusii, bila kupepesa macho: "Watakata shamba kidogo, mpaka mtoni. Tukikataa, watakata mpaka barabarani. Wanaotaka hivyo waende barazani Alhamisi."

Tangu hapo Magokoro hakukalika. Kaburi la babu lilikuwa pale kwenye migomba, na alilizunguka asubuhi na jioni, akilipalilia hata pasipo na jani. Alichuma chai macho yakiwa barabarani, uji ukaungua, mimi nikaunywa hivyo hivyo kwa hofu ya kulalamika. Akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani wasithubutu kwenda kwenye baraza hilo la wanyang'anyi. Walimsikiliza, maana hakuwa mtu wa porojo. Alhamisi ilipofika mgongo mzima ulibaki nyumbani, kila mtu na jembe lake, kila mtu ukingoni mwa shamba lake, na hakuna aliyetokea. Jioni jirani yetu Mama Kemunto alimletea Magokoro mkungu wa ndizi kumshukuru kwa kuokoa ardhi. Wiki chache baadaye ikatangazwa kwamba mpaka ni barabara, kwa kuwa watu wa mgongoni hawakufika kusema lolote. Ardhi haikukatwa hata unyayo.

Mwaka uliofuata tulifundishwa utawala: tarafa, kata, kata ndogo. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimemwambia Magokoro. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na mimi ulimi wangu ulikuwa umewakwaza watu wa kilima kizima. Nilinyamaza. Nilinyamaza nikamaliza shule, nikanyamaza nikawa mwalimu mjini Kisii, wa Kiswahili, wa somo hilo hilo.

Siku hizi mambo yamebadilika, watoto wa kwetu wanafungua ramani kwenye simu na kukuonyesha mpaka kwa kidole. Lakini barua ya naibu wa chifu bado inafuatwa kwa miguu, unateremka mtoni, unavuka magogo, unapanda kilima cha wenyewe. Mama Kemunto alipofiwa na mumewe alivuka mara mbili kwenye mvua kutafuta kibali cha mazishi. Nilikuwa nyumbani kwa likizo nikamwona akirudi, leso imelowa, viatu mkononi, na kesho yake nikamweleza Magokoro kila kitu. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema. "Mwalimu wako alipita hapa Jumatano, siku moja kabla ya baraza, akanifafanulia."

"Mbona hukuwaambia watu?"

"Wangekucheka. Usingefungua mdomo tena maisha yako yote."

Nilikasirika, nikalia, sikujua ninamlilia nani. Tangu siku hiyo siketi mahali nikatulia. Wiki hii mto umejaa tena, na Mama Kemunto anahitaji barua nyingine, ya shule ya mjukuu. Nimempigia simu nikamwambia asisumbuke, nitavuka mimi. Amenishukuru sana, akasema nina moyo wa nyanya yangu, yule aliyewaokolea ardhi. Nimemwambia asante.